Uchungu Unaonukia: Eli ya Hopi Mbichi na Msamiati wa Ladha katika Kiswahili

Atakayempa mzungumzaji wa Kiswahili kinywaji asichokijua na kumwuliza ladha yake, aghalabu atajibiwa kwa neno moja kati ya matatu: kitamu, kichungu au kikali. Maneno haya yamebebeshwa kazi kubwa mno. Chai yenye sukari ni tamu, mchuzi uliokolea viungo nao ni mtamu, na vivyo hivyo hadithi na usingizi. Kisu ni kikali, jua ni kali, mbwa ni mkali, siki ni kali na pombe ni kali. Si ajabu basi kwamba wapo wanaodai, hata katika kumbi za mihadhara, kuwa Kiswahili hakiwezi kueleza ladha kwa undani, na kwamba anayetaka kufanya hivyo hana budi kukimbilia Kiingereza.

Makala haya yanadhamiria kulipima dai hilo kwa kinywaji ambacho asili yake iko mbali na nchi za Waswahili: bia aina ya eli inayopikwa kwa koni mbichi za mmea wa hopi, kama inavyopikwa katika viwanda vidogo vya magharibi mwa Marekani kila msimu wa mavuno. Kinywaji hiki kimeteuliwa kwa kuwa harufu zake ni nyingi na hazidumu, hivyo anayekieleza hulazimika kuwa makini na maneno yake. Isitoshe, wanaokipika wamekwisha kukitungia msamiati mpana kwa Kiingereza, na kwa hivyo pana kitu cha kulinganisha. Msomaji asiyekunywa pombe, iwe ni kwa sababu ya dini au kwa hiari yake, hatapungukiwa na chochote. Kinachojadiliwa hapa ni maneno, na mengi ya maneno hayo, kama itakavyodhihirika, yanapatikana jikoni.

Hopi na kazi yake

Bia ya kawaida ina viambato vinne: maji, kimea cha shayiri, hamira na hopi. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa hadi ikachipuka kisha ikakaushwa, na neno hilo halihitaji ufafanuzi kwa mtu aliyewahi kuona busaa ikipikwa. Kimea kikikaushwa kwa moto wa wastani hubaki na rangi hafifu, na bia itokanayo nacho huwa ya dhahabu au ya shaba. Waingereza waliiita eli ya namna hii kwa jina la weupe, si kwa sababu ni nyeupe, bali kwa sababu walikuwa wameizoea bia ya rangi ya kahawia iliyokolea. Hamira ya eli hufanya kazi yake katika joto la wastani, nyuzi 18 hadi 22 hivi za Selsiasi, na huacha harufu kidogo ya matunda. Laga, ambayo ndiyo bia iliyozoeleka zaidi katika Afrika Mashariki, huchachuka katika baridi na huwa na harufu chache zaidi.

Kiambato kisichofahamika sana miongoni mwetu ni hopi. Mhopi ni mmea mtambaazi wa jamii moja na bangi, ingawa hauna kilevi cha bangi. Mizizi yake hudumu ardhini miaka mingi, na kila mwaka huchipuza mashina mapya ambayo hukwea kamba kwa kujizungusha kufuata mwendo wa mishale ya saa, hadi kimo cha mita 5 au zaidi. Mmea jike ndio unaotoa koni zinazotakiwa. Koni hizo ni za kijani, nyepesi kama karatasi, na kwa umbo zinafanana na koni changa za msonobari. Ukiipasua moja utaona, kwenye vitako vya vijani vyake, unga wa manjano unaonata vidoleni. Unga huo huitwa lupulini. Ndani yake mna asidi ziletazo uchungu, na mna mafuta yaletayo harufu. Inafaa mambo haya mawili yatenganishwe tangu mwanzo, maana mkanganyo mwingi wa maelezo ya bia unatokana na kuyachanganya.

Mhopi hupenda mchana mrefu wa kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta, hasa kati ya latitudo 35 na 55. Karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, huchanua kabla haujakomaa na mavuno yake huwa haba. Ndiyo maana barani Afrika zao hili linahusishwa zaidi na eneo la George, kusini kabisa mwa Afrika Kusini. Nchini Marekani, takriban robo tatu ya hopi yote hutoka katika Bonde la Yakima, jimbo la Washington. Huko ndiko eli ya hopi mbichi inakoanzia.

Safari ya usiku

Mavuno ya Yakima huanza mwishoni mwa Agosti na kuendelea mwezi mzima wa Septemba. Koni iliyochumwa muda huo huo ni maji kwa kiasi cha asilimia 75 hadi 80. Ikiachwa katika lundo, hupata joto na kuanza kuoza kama nyasi zilizorundikwa zikiwa na umande. Kwa hiyo mkulima huikimbiza kwenye tanuri la kukaushia, lenye joto la nyuzi 60 hivi, hadi ibaki na maji asilimia 10 au pungufu. Baada ya hapo hushindiliwa katika marobota au husagwa na kufinyangwa vidonge, ikahifadhiwa baridini na kutumiwa mwaka mzima. Takriban bia yote duniani hupikwa kwa hopi iliyokaushwa hivyo.

Katika kukauka huko, sehemu ya mafuta yenye harufu huruka pamoja na mvuke. Kinachopotea kwanza ni yale mafuta mepesi, na hayo ndiyo yanayoipa koni mbichi harufu yake ya ubichi. Mwaka wa 1996 kiwanda cha Sierra Nevada cha mjini Chico, California, kilichoanza kupika bia mwaka wa 1980, kiliamua kulikwepa tanuri. Koni za Cascade na Centennial zilichumwa Yakima, zikapakiwa katika malori zikiwa mbichi, zikasafirishwa zaidi ya kilomita 800 na kutiwa sufuriani kabla hazijaharibika. Bia iliyopatikana iliitwa eli ya mavuno. Viwanda vingine viliiga, na mwaka wa 2003 mji wa Yakima wenyewe ukaanzisha tamasha la kila mwaka la bia za aina hii.

Hesabu za upishi huu ni ngumu. Kwa kuwa koni mbichi imejaa maji, mpishi huhitaji uzito wake mara tano au zaidi ya ule wa koni kavu. Tena hana muda wa kupeleka sampuli maabara ili ajue kiasi cha asidi, kwani saa 24 zikipita mali yake imeharibika. Aghalabu huutafuta uchungu kwa hopi kavu iliyokwisha kupimwa, akiitia mwanzoni mwa uchemshaji, kisha huitia hopi mbichi mwishoni, moto unapokaribia kuzimwa, ili mafuta yake yasiruke yote.

Hapa Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza kingelitamani. Kivumishi -bichi humaanisha kisichoiva, kisichopikwa na kisichokauka: ndizi mbichi, nyama mbichi, kuni mbichi. Wapishi wa Marekani wamewahi kuvutana kuhusu kivumishi cha kuipa hopi hii. Baadhi huiita "ya majimaji", kwa maana ya kutopitia tanurini. Wengine huiita "mpya", na hilo huwaruhusu baadhi yao kulitumia hata kwa koni iliyokaushwa juzi tu. Mswahili hana ugomvi huo. Kuni zilizokaushwa juzi si mbichi, hata kama mti umekatwa wiki hii, na hopi nayo ni hivyo hivyo.

Wala hali ya kushindana na saa si ngeni kwetu. Mgema wa pwani anafahamu vyema kwamba tembo la mnazi huwa tamu likiteremshwa mtini, na kwamba kesho yake huwa kali, kisha huelekea kuwa siki. Tofauti ni kwamba tembo hubadilika lenyewe, ilhali katika eli kinachokimbizwa ni kiungo kabla hakijaingia sufuriani.

Pua kabla ya ulimi

Anayeionja eli hii ipasavyo huimimina katika bilauri safi yenye mdomo mwembamba kuliko tumbo lake, ikiwa na ubaridi wa nyuzi 7 hadi 10 hivi. Baridi kali ya jokofu hufunika harufu. Huliacha povu lipande, maana povu linapopasuka ndipo mafuta yanapofika puani. Kisha hunusa kabla ya kunywa. Baada ya hapo huchukua funda moja, akalizungusha kinywani, akameza, na kutoa pumzi kwa pua. Hatua hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tukiitacho ladha ni harufu inayopanda puani kutoka nyuma ya koo. Mwenye mafua hulijua jambo hili bila kufundishwa.

Katika uwanja wa harufu Kiswahili kina upambanuzi wa kisarufi ambao wanafunzi wengi wanautumia kila siku bila kuutafakari. Kinachonuka kina harufu mbaya. Kinachonukia kina harufu nzuri. Kauli ya kutendea imeligeuza tusi likawa sifa. Kitenzi kunusa kimetokana na shina hilo hilo, na manukato pia. Mwonjaji wa Kiingereza akitumia kitenzi chake cha kunuka hana budi kuongeza kivumishi ili aeleweke upande aliopo. Mwenzake wa Kiswahili amekwisha kutoa hukumu ndani ya kitenzi.

Hata hivyo, ni lazima ikubaliwe kwamba majina mahususi ya harufu tuliyo nayo yameelemea upande mbaya. Tuna shombo na vumba la samaki, kutuzi la jasho, uvundo wa kitu kilichooza. Harufu nzuri kwa kawaida huitwa kwa jina la kitu chake: ya asumini, ya kilua, ya mrehani, ya udi. Je, huo ni upungufu? Ukichunguza msamiati wa wapishi wa bia wa Marekani utakuta hali ni ile ile. Husema eli hii ina harufu ya msonobari, ya balungi, ya ganda la chungwa, ya nyasi zilizokatwa, ya maua. Hawana majina dhahania ya harufu hizo. Wameazima majina kutoka misituni na sokoni kwao. Anayesema kwamba Kiingereza kina msamiati wa ladha ambao Kiswahili hakina, anachokiona ni mazoea ya kutumia maneno, wala si wingi wa maneno.

Swali lenye uzito ni iwapo mwonjaji wa Mombasa au wa Eldoret anaruhusiwa kuazima kutoka soko lake mwenyewe, au kufanya hivyo ni kuipamba bia ya watu kwa mapambo yasiyo yake. Jibu linatolewa na kemia. Mafuta yaliyo mengi katika koni za aina kama Cascade ni mirseni, na mirseni imo pia katika mchaichai na katika embe. Linaloli, inayochangia harufu ya maua katika hopi, imo katika mrehani na giligilani. Geranioli imo katika waridi. Kariofilini imo katika karafuu na pilipili manga. Hata jina lake limetokana na jina la zamani la kisayansi la mkarafuu, na wanaisimu wengi hulihusisha neno letu karafuu, lililotufikia kupitia Kiarabu, na neno hilo hilo la Kiyunani. Harufu ya balungi ambayo Cascade inasifiwa kwayo hutokana kwa sehemu na viini vya salfa vinavyopatikana pia katika pasheni.

Kwa hiyo mtu anayeinusa eli ya Yakima na kusema inanukia mchaichai na embe bichi lililokatwa kikonyo sasa hivi, huku kwa mbali pakisikika mrehani, hajabuni tashbihi. Ametaja vitu ambavyo kweli vimo ndani ya bilauri. Amesema jambo lenye usahihi sawa na la mwenzake wa Oregon aliyetaja msonobari, na yamkini msikilizaji wake wa Malindi atamwelewa zaidi. Tafsiri ya lebo inayong'ang'ania msonobari kwa msomaji wa pwani, ambaye mti anaouona kila siku ni mvinje, inatafsiri neno na kuitupa harufu.

Pana harufu moja zaidi inayoitofautisha eli ya hopi mbichi na eli ya hopi kavu, nayo ni ile ya majani yaliyopondwa. Ni harufu ya uwanja wa shule siku nyasi zinapofyekwa, au ya sukuma wiki zinapokatwakatwa. Kwa kiasi, huburudisha. Ikizidi, bia hunukia kama mboga, na hapo wapo ambao wangeiondoa ile -i- ya kitenzi.

Chungu si kali

Kosa linalosikika mara nyingi zaidi ni kuiita bia hii kali. Asidi za hopi, zinazoitwa asidi alfa, zikichemshwa hubadilika umbo na kuyeyuka katika kinywaji, na hizo ndizo ziletazo uchungu. Wapishi huupima kwa kizio ambacho kimoja ni miligramu 1 ya asidi hiyo iliyobadilika katika lita 1. Eli ya Kimarekani ya aina hii aghalabu huwa na vizio 30 hadi 50, ilhali laga nyingi nyepesi huwa chini ya 20. Kilevi chake ni jambo jingine kabisa, na kwa kawaida huwa kati ya asilimia 4.5 na 6.2 ya ujazo. Bia yaweza kuwa chungu sana na kilevi chake kikawa kidogo. Yaweza pia kuwa laini, hata yenye sukari sukari, na kilevi chake kikamwangusha mnywaji.

Katika Kiswahili cha Kenya, pombe kali ni ile yenye kilevi kingi. Anayeiita eli hii kali kwa sababu imemkunjisha uso, anampa msikizaji habari isiyo sahihi kuhusu kilevi, na hilo si suala dogo kwa mtu atakayeshika usukani baadaye. Neno stahiki ni chungu, nalo lina hadhi yake. Shubiri na mwarobaini ni chungu. Uchungu ni maumivu ya mwili na ya moyo, lakini pia mtu husifiwa kwa kuwa na uchungu na nchi yake. Inaonekana kana kwamba waandishi wa matangazo wameliogopa neno hili na kukimbilia utamu, hata pale ambapo kinachouzwa ni uchungu wenyewe. Ulimi wa binadamu una takriban aina 25 za vipokezi vya uchungu, na kipokezi cha utamu ni aina moja tu. Mwili umeutilia uchungu maanani kwa sababu sumu nyingi ni chungu. Mtu hujifunza kuupenda, kama ajifunzavyo kuipenda kahawa isiyo na sukari au mboga ya mnavu.

Kando ya uchungu kuna hisia nyingine ambayo Kiingereza huitaja kwa neno la kitabuni, ilhali mtoto yeyote wa pwani anayo ya kwake: ukakasi. Ni ile hali ya ulimi na meno kushikwa baada ya kula ndizi mbichi au bibo. Husababishwa na tanini. Koni mbichi, kwa kuwa hutiwa nyingi mno, huja na majani mengi na tanini zake, hivyo eli hii huwa na ukakasi kidogo unaobaki kinywani baada ya uchungu kupita. Ugwadu wa ukwaju haumo, na uchachu, ikiwa upo, ni dalili kwamba imeharibika. Mpishi akifaulu kuuoanisha uchungu na utamu wa kimea, neno linalofaa ni lile litumiwalo kwa chumvi na sukari: imekolea.

Chupa inayosubiri

Eli ya hopi mbichi haiwekwi. Wapishi wake hushauri inywewe ndani ya wiki chache, kwa sababu mafuta yale mepesi yaliyonusurika tanurini na sufuriani huendelea kupotea ndani ya chupa. Mwanga nao huiathiri. Ukipenya kioo, huvunja asidi za hopi na kuzalisha kiini cha salfa ambacho Wamarekani hukifananisha na mnyama wao anayejihami kwa kunuka. Mswahili anaye kicheche, na hahitaji kumwazima wa kwao. Chupa za kahawia zilikusudiwa kuzuia hilo. Hewa kidogo iliyobaki chini ya kifuniko hufanya kazi polepole zaidi, na baada ya miezi kadhaa bia hutoa harufu ya karatasi iliyolowa.

Chupa ya Septemba ikifunguliwa Aprili, uchungu wake aghalabu bado upo, ingawa umefifia, na kilevi chake hakijabadilika. Kilichokwenda ni mchaichai, embe na majani. Kwa kinywaji kilichofikia hali hiyo Kiswahili kina neno ambalo mama yeyote hulitumia kwa chai iliyopoa na kupoteza viungo vyake: chapwa.